Neno la Mjane

Tulia, Jumapili 12 Oktoba

Bado kukavu. Mawingu yanafika mpaka kilimani, yanatutazama, yanarudi yalikotoka. Mtu asiye wa Ukambani hudhani mvua kubwa ni ile ya Machi. Kwetu sisi ya Machi ni ya kubahatisha. Tunayoitegemea ni hii ya Oktoba, na ikichelewa hata mbuzi wanaanza kututazama vibaya.

Baada ya ibada Mwalimu Kaloki alinifuata hadi nyumbani. Yeye ni naibu wa mwalimu mkuu katika shule aliyofundisha mwanangu Muindi, na ndiye anayewaongoza walimu wanaochangia ufadhili wa jina lake. Acha nieleze, maana shajara husomwa na watu ambao mwandishi hakuwatarajia. Muindi alifundisha kemia. Figo zilimwondoa angali kijana, na wenzake wa chumba cha walimu, badala ya kununua shada la maua likauke, walikubaliana kila mmoja atoe kitu katika mshahara wake ili kila mwaka mtoto mmoja anayemaliza kidato cha nne asaidiwe kwenda chuoni. Hakuna tajiri nyuma ya jambo hili. Ni walimu tu, wale wale wanaokopa sukari dukani. Ninaliheshimu kuliko ninavyoweza kusema.

Mtoto hukabidhiwa bahasha yake hapa kwetu, Jumamosi ya kwanza ya Desemba, karibu na kaburi. Kaloki alileta ratiba. Ni ile ya mwaka jana, tarehe tu ndiyo imebadilika. Nafasi ya saba ni kama kawaida: Neno la Mjane.

"Mwalimu, ututayarishie lile neno mapema," aliniambia mimi mwalimu mstaafu. "La mwaka jana lilimliza hata mwalimu wa hesabu, na yule hakulia alipofiwa na ng'ombe."

Mjane ni Wavinya, mkaza mwana wangu. Anayeliandika neno lake ni mimi. Mwaka wa kwanza alisimama mbele ya watu, sauti haikutoka, nikampa karatasi yangu asome. Mwaka uliofuata walimu wakauliza, karatasi iko wapi? Ndivyo desturi inavyozaliwa.

Jumatano 15 Oktoba

Jua. Nimenoa majembe ambayo hayakuwa butu.

Jumatatu 20 Oktoba

Sikukuu ya Mashujaa. Tumepanda kabla ya mvua, mbegu tumezizika vumbini kwa imani. Wavinya upande wake wa shamba, mimi na mke wangu, Mama Muindi, upande wetu.

Alivaa fulana ya ukumbusho. Kila mwaka walimu huchapisha fulana zenye picha ya Muindi kifuani. Wavinya alikuwa ameigeuza ndani nje, uso wa mwanangu umelala kwenye ngozi, mishono iko nje. Nililiona na likanichoma. Sikusema kitu.

Nisingeweza kusema hata kama ningetaka, na hili pia linahitaji maelezo. Kuna kitu Wakamba tunakiita nthoni. Ni haya, lakini haya ya heshima. Baba mkwe na mkaza mwana hawashikani mikono, hawali pamoja, hakuna anayeingia nyumba ya mwenzake, na neno lenye uzito halipiti baina yao uso kwa uso. Hupitia kwa mtu wa tatu. Majirani wengi wameiacha, wanasema Wakristo ni wamoja. Sisi hatukuiacha, na hatukukaa chini tukakubaliana kuishika. Imeendelea tu. Mtu wa tatu wetu ni Mama Muindi. Yeye huchukua maneno yangu hadi jikoni kwa Wavinya na kuniletea yake, na njiani huyaongeza chumvi au kuyapunguza.

Jumapili 26 Oktoba

Leo Mama Muindi ameleta neno ambalo hakuliongeza chochote. Nilijua kwa sababu hakuketi.

"Mke wa mwanao anataka kwenda Mtito Andei."

"Kutembea?"

"Kukaa. Yule mama Wariara aliyekuja kununua ndengu msimu uliopita ana hoteli ya chakula pale barabarani, madereva wa malori wanakula kwake. Alikula muthokoi wa Wavinya, mahindi na maharagwe tu hayo, akalamba vidole. Anamtaka washike hoteli pamoja, kabla ya magari ya Krismasi."

"Na shughuli ya Desemba?"

"Baba Muindi, mimi ni mjumbe. Usinitandike mimi."

Nilikasirika. Nilifikiri: huyu binti tumemtunza, hatukumwambia arudi kwao wala arithiwe na mtu, na sasa anataka kuwapakulia madereva. Halafu nikaikumbuka ile fulana, nikajiambia kumbe ndiyo sababu. Mungu hakuwajalia mtoto, yeye na Muindi. Kinachomweka hapa ni jina tu, na jina ameshaligeuza ndani nje.

Nilimwambia Mama Muindi aseme nitafikiri.

Alhamisi 30 Oktoba

Mvua! Imepiga mabati mpaka tukawa tunazungumza kwa ishara.

Jumapili 2 Novemba

Mvua. Ndengu zimechomoza. Wavinya hajauliza.

Jumamosi 8 Novemba

Dada yake Mama Muindi ameteleza matopeni kule Kikima na kuvunjika nyonga. Mama Muindi ameondoka asubuhi. "Siku mbili," alisema, akabeba nguo za wiki.

Jumapili 9 Novemba

Mto wetu ni mchanga mtupu karibu mwaka mzima, watoto hucheza mpira ndani yake. Usiku wa kuamkia leo ulishuka na kukichukua kivuko cha saruji. Upande wa sokoni na shuleni tunafika, upande wa barabara kuu hatufiki. Mama Muindi yuko ng'ambo. Mimi nimebaki na Wavinya katika boma moja, na katikati yetu hakuna mtu.

Jumatatu 10 Novemba

Mbuzi waliingia kwenye kunde za Wavinya. Nilimpigia Mama Muindi simu huko Kikima, ampigie Wavinya, ambaye nilikuwa nikimwona mgongo, amwambie ageuke.

Mama Muindi alisema, "Baba Muindi, umesoma hadi chuo kikuu."

Jumanne 11 Novemba

Mnara wa simu umezima. Umeme pia hakuna.

Saa ya chakula cha mchana nilikuwa barazani. Wavinya alisimama kwenye mlango wa jiko lake, mvua katikati yetu, kuku mweusi wa Mama Muindi amejikunyata chini ya paa. Akamtazama kuku.

"Kuku, mwambie mwenye boma muthokoi umeiva. Nauweka juu ya kinu."

Akauweka, akafunika, akarudi ndani. Nilikula. Nilipomaliza nilikohoa.

"Kuku, mwambie mpishi ninashukuru. Ila chumvi imezidi kidogo."

Kisha kutoka ndani: "Kuku, mwambie mwenye boma chumvi haijazidi. Ni meno yamepungua, sasa inapita bila kutafunwa."

Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu. Miaka yote hii sikujua ni mcheshi. Kumbe Mama Muindi huupunguza utani njiani.

Jumatano 12 Novemba

Mvua. Kuku amefanya kazi kutwa.

Ijumaa 14 Novemba

Nina mengi leo.

Kaloki alikuja kwa miguu, viatu vya mvua vimejaa matope mpaka magotini. Fununu imefika shuleni kwamba mjane anahama. Aliinywa chai yangu, akaisifu, akaanza.

"Mwalimu, nikwambie ukweli. Walimu wamebadilika. Nusu ya waliopo hawakumjua Muindi. Wananiuliza, huyu tunayemtolea pesa ni nani? Mimi nawaambia, njooni Desemba mwone. Wakifika wanamwona yule mama ameketi pale kwenye kiti chake, wananyamaza. Mwaka unaofuata wanatoa. Sasa kiti kikiwa kitupu, nitawaonyesha nini? Kaburi? Makaburi hata kwao yako."

"Unataka nini?"

"Sentensi moja tu mwishoni mwa neno lake. Kwamba ataendelea kukaa katika boma hili akililinda jina la mumewe. Basi. Mambo yatulie."

Kaloki si mtu mbaya. Ndiye aliyekuwa akimpeleka Muindi kusafishwa damu kwa gari lake bovu. Anaogopa mtoto wa mwaka kesho akose, na hofu hiyo ni ya haki. Ndiyo maana sikuweza kumfukuza. Ningekuwa na adui ningelala vizuri.

Alipoondoka niliketi nikaandika. Sentensi ilikuja haraka, na ilikuwa nzuri, naona aibu kusema jinsi ilivyokuwa nzuri. Niliiweka karatasi juu ya kinu, nikalaza jiwe juu yake, nikarudi barazani.

Alitoka, akaichukua, akaisomea mlangoni. Mvua ilikuwa imelegea. Nilimsubiri amtazame kuku. Kuku alikuwa ameshapanda mahali pake pa kulala.

"Baba," alisema. "Kuku amelala. Nitasema mwenyewe."

Nilitazama chini. Ndivyo tulivyofunzwa.

"Hii sentensi ya mwisho ni ya nani?"

"Ya Mwalimu Kaloki."

"Maandishi ni yako."

"Ni yangu."

"Kila mwaka umeniandikia nami nimesoma. Watu wanalia. Mimi nasimama pale nikimsikiliza huyo mwanamke, Kiswahili chake kizuri, huzuni yake nzuri, najiuliza huyu ni nani? Lakini nimemsomea. Maneno yake yalikuwa ya mambo yaliyopita, hayakunidhuru. Hii ni ya kesho, baba. Hii sitaisoma."

Kinywa changu kikafanya kile ambacho vinywa vya wazee hufanya vikikosa jibu, kikashambulia. Nilisema, "Muindi umeshamgeuza. Hata fulana yake unaivaa ndani nje."

Sauti yake haikuwa na hasira, na hilo lilinikata zaidi.

"Jua linakula rangi, baba. Nikilima nimeivaa kawaida, kufikia mavuno hana macho. Nikiigeuza, uso wake unabaki. Ile mliyoitundika sebuleni karibu na dirisha, umeitazama hivi karibuni?"

Akaendelea.

"Wariara hawezi kuningoja milele, atachukua mtu mwingine. Nilimpa mama neno Oktoba. Nikaambiwa unafikiri."

"Kwa nini hukuenda tu? Hakuna aliyekufunga kamba."

"Nikienda hivyo nitaitwa mtoro, na kila Desemba watalisema hilo hapo hapo kaburini. Sitaki kuruka ua. Nataka kutoka kwa mlango, na mlango ni wewe."

Nilisema nitafikiri. Mwalimu mstaafu akisema mara mbili kwamba atafikiri, maana yake amenaswa.

Aliporudi ndani niliingia sebuleni kuitazama fulana. Nimepita mbele yake kila siku. Pale palipokuwa na uso pana doa la kijivu, na tai.

Jumamosi 15 Novemba

Mto bado. Nilitembea mpaka ukingoni, watu wa ng'ambo wakanipungia, nikawapungia. Hatukusikiana.

Nimekuwa nikijiuliza ni nani hasa amefungwa hapa. Kaloki amefungwa na walimu wake, walimu na mishahara yao, mimi na Kaloki, na sote tumeifunga kamba yetu kwenye mguu wa kiti kimoja cha plastiki. Hata mimi na mke wangu tunaitana kwa jina la marehemu. Baba Muindi, Mama Muindi. Tukiamka tu tumeshamtaja.

Jumatatu 17 Novemba

Mvua. Tumerudi kwa kuku, ila sasa kuku anajua mengi.

Jumamosi 22 Novemba

Mitihani ya kidato cha nne imekwisha jana, mto umepungua, na Mama Muindi amevushwa mgongoni mwa kijana kama gunia la mbaazi, akimfokea njia nzima. Nilimsimulia habari za kuku. Alicheka mpaka akaketi.

"Kwa hiyo nimefutwa kazi?"

Kisha akawa mzito. "Na neno lake ulimjibu?"

"Bado."

"Wewe na huu ufikiri wako," alisema. "Muindi alikuwa hivyo hivyo. Alifikiri mpaka figo zikamjibu."

Ijumaa 28 Novemba

Walimu wamemchagua Abdiya, binti wa Daud mwenye duka la nguo hapa sokoni. Nimemjua tangu akipimia watu vitambaa amesimama juu ya kreti. Anataka uuguzi. Baba yake ana watoto wengine nyuma yake, na duka siku hizi lina mikunjo mingi ya vitambaa kuliko wateja. Kaloki alimleta kunisalimia. Mtoto alinipa mkono kwa adabu na kuniuliza kama anaruhusiwa kulia siku hiyo au atasubiri zamu yake katika ratiba. Nilimpenda.

Kaloki alinivuta kando. "Unaona huyu? Mwaka kesho kuna mwingine kama yeye. Nafasi ya saba ikianguka, Mwalimu, mimi siwezi kuahidi."

Hakusema uongo. Ndiyo shida yangu yote: hakuna anayesema uongo.

Jumatatu 1 Desemba

Nimejaribu kuandika neno jipya, lisilo na ile sentensi. Limenishinda. Kila aya ninayoianza inamrudisha kwenye kiti.

Mchana tulifyeka nyasi kaburini. Vijana wa shule walileta viti, wakavipanga ili wajue hema litatosha. Cha mjane hukaa peke yake, mbele kabisa. Walipoondoka kunywa maji nilienda nikakikalia. Sijawahi. Kaburi liko mbele ya magoti, watu wote wako nyuma, wanakuona wewe nawe huwaoni. Barabara iko mgongoni. Nilijaribu kugeuza shingo niitazame, na shingo yangu haikufika.

Nilikaa mpaka Mama Muindi akaniita kwa hofu, akidhani nimepata kiharusi.

Jumatano 3 Desemba

Asubuhi nilienda mpaka mlango wa jiko la Wavinya. Sikuingia, lakini nilisimama karibu kuliko nilivyowahi kusimama. Mama Muindi alikuwa kisimani. Nilichagua wakati huo makusudi.

"Wavinya."

Alitoka mikono ikiwa na unga. Nilimtazama usoni. Ana kovu dogo kwenye nyusi ambalo sikulijua.

"Mlango uko wazi," nilisema. "Nenda. Usingoje Jumamosi. Ukingoja watakukalisha, na ukishakaa utawahurumia."

"Na Abdiya? Na hao wa mwaka kesho?"

"Hao ni wa walimu na wangu. Hukuwazaa wewe."

Alilia kidogo, kilio ambacho hakikuandikwa na mtu. Kisha nikafanya jambo ambalo marehemu baba angelikemea. Nilimpa mkono. Nthoni ni ya mkaza mwana, nilimwambia, kwa binti yangu hainihusu. Akaushika, tukabaki sote weupe wa unga.

Mama Muindi aliporudi aligomba kwa sababu hakushirikishwa, akagomba kwa sababu binti anaenda na mvua, akagomba kwamba sufuria haina kifuniko, na katika kugomba kote huko akawa ameshamfungia ndengu, kunde na yule kuku mweusi, miguu imefungwa kwa kamba ya katani.

"Kuku wa nini?" nilimuuliza.

"Wa kuwatafsiria madereva," alisema.

Alhamisi 4 Desemba

Ameondoka. Alivaa fulana ya ukumbusho, picha ikiwa nje.

Jumamosi 6 Desemba

Mvua ilitupa nafasi. Walimu walifika, wazazi, Daud na jamaa zake. Kaloki alikiona kiti kitupu, akanitazama, nikamtazama. Ratiba zilikuwa zimeshachapishwa. Mshereheshaji, kijana asiyejua kitu, alipofika nafasi ya saba aliita kwa sauti ya redio: "Sasa tumkaribishe mjane wa marehemu!"

Hakuna aliyesimama. Alirudia. Nikainuka.

Sikuwa na karatasi. Nilisema, "Mjane hayupo. Aliyekuwa akiwasomea hapa kila mwaka ni mimi, nikitumia sauti yake. Kama mlilia, mlilia kwa insha yangu, nami nawashukuru kwa alama mlizonipa. Mwenye sauti anaitwa Wavinya. Nilimpa ruhusa mimi, kwa mkono wangu, na yuko Mtito Andei akifanya kazi yake. Mnaomtaka, mkipita njia hiyo mwingie mle. Na kama mchango wenu ulikuwa kodi ya kumkalisha kwenye kiti hiki, ukome leo. Kama ulikuwa wa watoto, mtoto yuko pale, mpeni."

Nilisikia turubai likipiga. Mwalimu mmoja wa kike nyuma alisema, "Mimi bado natoa." Mwingine, ambaye simjui, aliinama akaanza kuikunja ratiba yake ndogo, ndogo zaidi. Sijui alimaanisha nini. Wengine walitazama viatu vyao. Hesabu yake tutaijua Januari.

Abdiya alipokea bahasha. Alilia kabla ya zamu yake.

Jumanne 9 Desemba

Mvua imerudi, nyepesi. Mlango wa nyumba ya Wavinya nimeufunga kwa kamba ili usipigwe na upepo. Boma limekuwa kubwa ghafla. Ninajikuta nakohoa kuelekea jikoni kwake.

Kaloki alipita. Hajanisamehe lakini amekuja, na kwa mwalimu hilo ni sawa na barua ya kuomba radhi. Baadhi ya walimu wamejitoa, hakusema wangapi. Waliobaki wamekaa kikao, na kwa kuwa walimu hawawezi kuvumilia pengo katika ratiba, wameshaliziba.

"Nafasi ya saba itaitwa Neno la Baba," alisema. "Uketi pale mbele. Ulichosema Jumamosi ndicho kilichowabakiza wale waliobaki. Kila mwaka, Mwalimu. Na ututayarishie mapema."

Nilitazama kile kiti, ambacho vijana wamesahau kukirudisha shuleni. Nimekijaribu. Ninakijua. Nilisema sawa.

Jioni simu iliita, namba ya Wavinya. Nilinyoosha mkono kumpa Mama Muindi, mazoea, naye akanirudishia. "Ni yako."

Nyuma yake kulikuwa na honi za malori na mtu akidai chapati. Aliniuliza mto, ndengu, meno yangu. Nikamweleza habari ya nafasi ya saba, kwamba sasa wamenishika mimi, na kwamba cha ajabu, baada ya kuandika yote yale miaka yote ile, nikifikiria neno langu mwenyewe sijui nianzie wapi.

Wavinya alicheka. Kilikuwa kicheko kirefu, hakikupitia kwa mtu.

"Usijali, baba," alisema. "Mwaka kesho mimi nitakuandikia."